Impreza na laki tano: jibu kwa anayetaka kuingia dragi

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una Subaru Impreza GC8 ya turbo, ile ya miaka ya tisini, umetenga laki tano za Kenya, na unauliza uanze na turbo kubwa au intakula (kipoza hewa ya turbo) ili msimu ujao uingie dragi, mbio za mita 402 za kunyooka. Wenzangu hapo juu wamebishana turbo ya aina gani. Mimi nimekimbiza gari kama hilo misimu mitatu, na nakuambia injini iache kama ilivyo. Anza chini, kwenye klachi.

Siku yangu ya pili kiwanjani nilikuwa nimetoka kuongezewa presha ya turbo, gari linavuta, najiona mtu. Nikapandisha resi hadi mizunguko 5,500 kwa dakika, taa ikawaka kijani, nikaachia klachi kwa mpigo mmoja. Gari likaruka. Gia ya kwanza ikaisha, nikatia ya pili, nikasikia "ko!" moja kavu, kama mtu anapasua kongoro kwa shoka. Baada ya hapo injini inalia peke yake na gari linapunguza mwendo. Jioni tulipofungua nati ya kumwagia oili ya giaboksi, sumaku yake ilikuwa imeota ndevu za chuma, na jino zima la gia likateleza na oili hadi kwenye beseni. Ukubwa wake kama gego la mtu mzima. Ninalo mpaka leo, nimeliweka kwenye kikopo cha funguo.

Kwa nini livunjike wakati mjini lilikuwa halina neno? Gari la kuvuta kwa nyuma likizidiwa, matairi yanateleza na mshtuko wote unaishia kwenye moshi. Subaru inashika kwa miguu minne. Mshtuko hauna pa kutokea, unarudi ndani: disiki ya klachi, meno ya gia, shafti, difu. Na giaboksi ya gia tano ya miaka ile ni nyepesi, hilo kila fundi wa Subaru analijua. Ile ya gia sita ya STI za baadaye, yaani Impreza za michezo, inavumilia zaidi, lakini ukiichukua chukua na difu yake ya nyuma pamoja na shafti. Uwiano wa mbele na nyuma usipolingana, difu ya kati itaungua kabla hujamaliza wiki.

Halafu kuna hesabu ambayo wengi hawaipigi. Muda wa mita 402 haushuki sawasawa na nguvu. Kwa gari la uzito uleule, kutoka sekunde 13 hadi 12 unahitaji nguvu zaidi kwa kama robo. Kutoka 12 hadi 11 ni karibu thuluthi nyingine juu ya hiyo. Kila sekunde ni ghali kuliko iliyotangulia, na kila farasi unayemwongeza anapitia meno yaleyale ya gia. Ndiyo maana mimi nilipata zaidi kwa kujifunza kuondoka kuliko kwa turbo. Kushusha upepo wa matairi kutoka psi 32 hadi 26, kutoa kiti cha nyuma na tairi la spea, kuachia klachi kwa nusu pumzi badala ya kuitupa: vyote hivyo sikutoa shilingi.

Mimi ni mtu wa Mombasa, nimehamia Nairobi ukubwani, na gari lenyewe ndilo lililonifundisha tofauti ya hewa. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 18. Gari lisilo na turbo linapoteza nguvu waziwazi. La turbo linaweza kufidia, ila turbo inazunguka kwa kasi zaidi kuleta hewa ileile, na hewa inaingia ya moto zaidi. Hewa ya moto na petroli ya kawaida ya pampu ni ugomvi: mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake na pistoni inapigwa nyundo kutoka juu. Kwenye EJ20, injini ya gari lako, kinachokatika kwanza mara nyingi ni ule ukingo wa pistoni kati ya ringi na ringi. Kwa hiyo atakayekutunia kompyuta ya gari, mwambie mapema utakimbia wapi, na asiisogeze taiming (wakati wa plagi kupiga cheche) hadi ukingoni ili tu karatasi ya daino, mashine ya kupimia nguvu, isomeke vizuri.

Gharama, basi. Usihesabu kwa mwezi, hesabu kwa mkimbio. Msimu wangu wa pili nilikimbia mara 40, na matengenezo peke yake, bila mafuta ya kufika kiwanjani wala ada, yalinila 380,000. Gawanya: 9,500 kwa kila sekunde kumi na tatu. Klachi ya kueleweka, 85,000, ilinipa mikimbio kama 25 ikaanza kunuka. Oili nilibadilisha kila baada ya siku ya mbio, na kila mara nilipasua filta kwa msumeno nikaikunjua juani. Ukiona vumbi la rangi ya shaba linameta, hiyo ni beringi ya konrodi inakuaga. Mimi niliiona, nikasema nitamaliza mbio moja tu iliyobaki. Injini ikanoki siku hiyohiyo.

Usidhani ukiwa na pesa unaepuka haya. Marekani, magari ya Top Fuel, daraja la juu kabisa la dragi, yana zaidi ya farasi 11,000, yanakunywa mafuta makali ya nitromethane, na tangu 2008 yanakimbia futi 1,000 tu, kama mita 305. Injini inafunguliwa na kuundwa upya baada ya kila mkimbio, mafundi wakishindana na saa. Kabla ya mwisho wa njia plagi zimeshaungua, na mafuta yanawaka kwa joto na mgandamizo tu. Wao wamekubali kuwa injini ni kitu cha matumizi, kama mkaa.

Kwa laki tano zako ningefanya hivi: klachi, oili, matairi mazuri manne, kofia ya usalama isiyo ya bodaboda, na angalau laki mbili zikae benki zikisubiri kitakachovunjika. Giaboksi ya gia sita itasubiri msimu wa pili. Turbo hata usiitaje. Na zile mbio za usiku za Thika Road sitaki kuzisikia, huko hakuna gari la wagonjwa linalokungoja.

Kabla ya yote, mwite fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo, ya silinda zote nne injini ikiwa ya moto. Ya nne ikisoma chini kuliko wenzake, usinunue hata klachi. Rudi hapa na namba zote nne, tuanzie hapo.