Maiki haitaki ulipasue koo

Mi nimekulia Ngamiani hapa Tanga, nimeanzia kaswida za maulidi halafu harusi za uani, huko hamna maiki, kuna matari na vigelegele na watoto wanalia, kwa hiyo sauti unaitoa tumboni mpaka mishipa ya shingo inasimama. Siku nimepata kikundi cha taarab, nikapewa maiki nikaimba vilevile. Ubeti wa pili fundi mitambo akanipunguza, mi nikaona mbona sijisikii nikaongeza, ye akapunguza tena, tukashindana hivo mpaka usiku wa manane, asubuhi yake sina sauti hata ya kumuita muuza samaki.

Kumbe binadamu ndo tulivo, kelele ikikuzidi unapayuka bila kujijua, hata kwenye daladala yenye mziki mkubwa. Dawa yake ni monita, ile spika inayomrudishia muimbaji sauti yake mwenyewe. Wahi ukumbini mapema, omba ile spika ikutazame wewe, mgongo wa maiki uwe upande wake, na ndani yake sauti yako ikizidi kinanda. Kama hakuna, ziba sikio moja kwa kidole utajisikia tu, usione aibu.

Halafu umbali. Mistari ya kubembeleza maiki iwe vidole viwili toka mdomoni, ikikaribia hivo inaongeza besi na sauti inakua nzito tamu (ukizidisha inavuma kama uko ndani ya pipa). Ukipandisha, irudishe karibu shibiri moja. Mana ukiongeza umbali mara mbili tu sauti inashuka kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), yani mkono wako nao ni fundi mitambo. Na ielekeze pembeni kidogo ya mdomo, taarab imejaa "mpenzi" na "pendo", kila P inapiga spika kama ngumi.

Msikilizeni bi Shakila, muimbaji wa taarab, enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, vyote vya hapahapa Tanga, yule hagombani na gitaa hata kidogo, anakuachia neno taratibu na bado unalisikia.

Kingine, msikibane kile kichwa cha maiki kwa kiganja kama wale vijana wa rap, inaanza kuokota sauti za kila upande na mluzi unaanza. Mluzi mwingine ni wakati wa kutunzwa, unafata noti mpaka mbele ya spika kubwa, fiiiii, ukumbi mzima wanaziba masikio. Mi siku hizi namuweka shoga yangu pale kwenye spika awageuze watunzaji waje nilipo.