Wiski inakuchoma kwa sababu unaimeza kabla hujainusa

Mkuu, umesema umejaribu wiski mara tatu, na mara zote imekuchoma koo hadi ukatoa machozi. Wenzako wanasimulia asali na vanila, wewe unaonja dawa ya kuoshea vidonda. Unauliza kama kuna namna ya kujifunza kuipenda au uachane nayo. Nitaandika kwa urefu kidogo, kwa sababu hapo ulipo nilikaa karibu miaka miwili.

Kwanza, si lazima. Kama hunywi pombe, usianze kwa ajili ya wiski, hakuna kitu unachokosa. Nazungumza na mtu ambaye tayari anakunywa kidogo na sasa anataka kujua watu wanaona nini ndani ya ile glasi.

Kosa langu mimi nilikuwa nainywa kama dawa ya malaria. Nashika glasi, nabana pumzi, narudisha kichwa nyuma, namimina yote, halafu nakunja uso nikisubiri moto upite. Na mbele za watu najikaza nisikohoe. Sasa ladha nyingi ya wiski iko kwenye harufu, na mimi nilikuwa nimebana pumzi! Nilikuwa naruka kila kitu kizuri na kwenda moja kwa moja kwenye maumivu.

Aliyenitoa huko ni jamaa mmoja aliyenizidi umri, mtu wa maneno machache. Jioni moja alinimiminia kidogo, kiasi cha kufunika kitako cha glasi tu, akaweka kisosi juu yake na kunisogezea. Nilipotaka kunyanyua akaniambia, "Leo hunywi. Leo unanusa." Nikadhani utani. Tukakaa tunaongea mambo mengine kama dakika tano, akaondoa kisosi. Nikaingiza pua yote ndani, nikavuta kwa nguvu kama mtu anayenusa ua. Aisee, pua iliwaka hadi utosini. Akacheka, akasema nirudi nyuma, glasi ikae karibu na kidevu, mdomo wazi kidogo, nipumue kawaida tu kama sina habari nayo.

Mara ya kwanza spiriti. Mara ya pili spiriti. Kama mara ya nne au ya tano, ghafla nikapata ndizi. Ndizi mbivu kabisa, ile iliyoanza kupata madoa meusi kwenye ganda. Niliangalia mezani kama kuna mtu ameleta ndizi. Baadaye nikaja kusoma kwamba sikuwa naota: chachu inapochachusha kimea cha shayiri hutengeneza esta, yaani kemikali zenye harufu ya matunda, za aina nyingi, na mojawapo ndiyo ileile inayoipa ndizi harufu yake. Hakuna anayetia ndizi kwenye wiski. Inatoka kwenye uchachushaji, inapita kwenye mitambo ya kukenekea, inakaa pipani miaka, halafu inakukuta wewe umebana pumzi.

Kwa hiyo anza na pua, wala usione aibu. Ukishapata kitu kimoja unachokitambua, chochote kile, hata kama ni "harufu ya viatu vipya" (hiyo nimewahi kuiandika kwenye daftari langu kwa mkono wangu), basi umevuka mlango. Vingine vitakuja vyenyewe.

Sasa huo moto wa kooni. Kinywani na kooni tuna vipokezi vya joto, vilevile vinavyoguswa na pilipili. Kwa kawaida huamka joto likifika kama nyuzi 42 hivi. Pombe kali hukishusha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 34, yaani chini ya joto la mwili wako mwenyewe. Kwa maneno mengine, unachokisikia kinawaka ni mwili wako. Na kama ilivyo kwa pilipili, kinywa huzoea ukikipa dozi ndogo. Funda la kwanza liwe dogo sana, kama kijiko cha chai nusu, na usilimeze. Lizungushe ulimini, liguse ufizi, lihesabie hadi kumi, ndipo umeze taratibu, kisha utoe pumzi kwa pua. Funda hilo la kwanza halina kazi nyingine zaidi ya kukiandaa kinywa, kwa hiyo usilitumie kuhukumu. Hukumu la pili. Mimi nilikuwa nahukumu la kwanza, na kwa kuwa lilikuwa glasi nzima, hakukuwa na la pili.

Halafu tia maji. Hapa kuna watu watakurukia kwamba mwanamume hunywa kavu. Waache. Wataalamu wa viwandani wanaochanganya wiski, watu ambao pua zao ndizo mshahara wao, hunusa sampuli zikiwa zimeongezwa maji hadi karibu asilimia 20 ya pombe. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus kule Uswidi walichapisha hesabu za kompyuta zinazoonyesha kwamba guayakoli, mojawapo ya kemikali zinazobeba harufu ya moshi, husogea juu ya uso wa kinywaji pombe inapopungua, na hujificha ndani pombe inapokuwa kali. Juu ndipo pua yako ilipo.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Toti ya mililita 30 yenye asilimia 40 ukiitia mililita 10 za maji inashuka hadi asilimia 30. Ukitia 30 kwa 30 umefika 20. Usiyamwage yote kwa pamoja. Tia matone machache kwa kijiko, nusa, onja, tia tena. Mimi hukomea katikati, karibu 30, lakini kuna chupa ambazo hata matone matatu yanaziharibu, zinakuwa kama maji yaliyosuuzia glasi. Hilo utalijua kwa kujaribu tu.

Barafu sina ugomvi nayo, ila si wakati wa kujifunza. Baridi hufunga harufu na kuuficha moto kwa pamoja, kwa hiyo utafurahi kwamba haichomi bila kujua ulichokuwa unakunywa. Ukishaijua chupa, fanya utakavyo. Na soda pia si dhambi. Wajapani hunywa wiski na maji ya soda muda wote, na wao wenyewe wanatengeneza wiski inayoheshimika dunia nzima.

Glasi isikusumbue. Kuna za tumbo pana na mdomo mwembamba zilizobuniwa kwa kazi hii, lakini glasi ndogo ya mvinyo inatosha kabisa. Ile pana iliyonyooka kama kopo ndiyo mbaya kwa kunusa, harufu yote inatawanyika.

Uanze na ipi? Kwa maoni yangu hili ndilo linaloamua kama utaendelea au utakata tamaa. Wengi tunaingia kwa mlango mbaya. Mimi chupa yangu ya kwanza ya heshima ilikuwa zawadi, na ilitoka kisiwa cha Islay, Uskoti. Sikujua maana yake. Kule viwanda vingi hukausha kimea kwa moshi wa mboji, ule udongo mweusi wa kinamasi uliotokana na mimea iliyooza, ambao ukikauka huwaka kama kuni. Moshi huo huacha kemikali ziitwazo fenoli kwenye nafaka, na fenoli ndizo zinazokupa bandeji, iodini, lami, na jivu la moto uliozimwa na mvua. Nilifungua, nikaonja, nikaiweka kabatini nyuma ya vitu vingine kwa zaidi ya mwaka. Ilipofika zamu yake tena, nikiwa nimeshajifunza, niliimaliza kwa huzuni. Kwa hiyo ukiona Laphroaig, Ardbeg au Lagavulin, ujue ni wiski za watu wanaozipenda kufa, ila si mahali pa mtu mwenye wiki mbili. Hiyo "dawa ya vidonda" unayoisema inanifanya nihisi kwamba angalau moja ya tatu zako ilikuwa ya ukoo huo. Angalia lebo.

Ningekuwa wewe ningeanza na bourbon ya Marekani. Sheria yao inataka nafaka iwe mahindi kwa angalau asilimia 51, na pipa liwe la mwaloni, jipya, lililochomwa kwa ndani. Mahindi huleta utamu, na ule mwaloni uliochomwa huachia vanilini, ileile kemikali inayobeba harufu ya vanila. Yaani vanila wanayosimulia wenzako ipo kweli, inatoka kwenye mbao. Maker's Mark ni mfano mzuri wa kuanzia, kwa sababu wanatumia ngano pale ambapo wengine hutumia nafaka iitwayo rai, na rai ndiyo yenye ukali kama wa viungo. Ukitaka nyepesi zaidi, nenda Ireland: Jameson hukenekwa mara tatu na inateleza bila kelele. Kutoka hapo ndipo uingie Uskoti kwa upande wa Speyside, kwa akina Glenlivet na Glenfiddich, kwenye matunda na asali bila moshi wa kukutisha. Baadaye tafuta iliyolala kwenye mapipa yaliyokuwa na mvinyo wa sheri, hapo utakutana na zabibu kavu. Moshi uache mwisho.

Miaka kwenye lebo isikutishe wala isikudanganye. Wiski ya Uskoti lazima ikae pipani angalau miaka 3, na namba kama 12 maana yake ni kwamba iliyo changa kuliko zote ndani ya chupa hiyo ina miaka 12. Haikuambii kama utaipenda. Nimeonja ya miaka 18 ikawa mbao tupu mdomoni, kama nimelamba meza. Rangi nayo usiiamini sana: Uskoti wanaruhusiwa kutia karameli ya rangi, kwa hiyo weusi si lazima uwe ukongwe.

Jambo lililonifundisha haraka kuliko yote ni glasi mbili pamoja. Ukinywa moja peke yake, inabaki kuwa "wiski" tu. Weka mbili za aina tofauti kabisa, tuseme bourbon na ya Speyside, mililita 15 kila moja, nusa hii, nusa ile, rudi kwenye ya kwanza. Papo hapo utaona moja ina utamu wa mbao na nyingine ina tofaa, hata kama dakika moja iliyopita ungeapa zote ni spiriti. Ya pili inakuwa kama kioo cha ya kwanza. Nilifanya hivi na rafiki yangu ambaye alikuwa anasema pua yake imekufa, na ndani ya robo saa alikuwa ananibishia. Na usisome maelezo ya nyuma ya chupa kabla hujanusa, ukishasoma "chungwa" utapata chungwa hata lisipokuwepo.

Kiasi. Toti mbili kwa jioni zinatosha, tena na glasi ya maji pembeni na kitu tumboni. Toti ya mililita 30 ya asilimia 40 ina mililita 12 za pombe tupu, na kwa sababu ni kidogo kwa macho ni rahisi kujidanganya. Baada ya ya tatu ulimi haujifunzi chochote, unapoteza chupa tu. Funguo za gari ziwe kwa mtu mwingine, na kama unatumia dawa uliza kwanza anayekutibu.

Usinuse ukiwa na mafua, wala ukiwa umetoka kupiga mswaki au umejipulizia manukato. Ile chupa ya ndizi niliitafuta baadaye nikanunua yangu, nikawaita watu, nikawaahidi ndizi. Siku hiyo nilikuwa na mafua. Nilinusa nusu saa nzima nikapata spiriti tupu, wao wakapata ndizi, mimi nikawa nawamiminia tu.

Ukijaribu, andika hapa chini chupa gani na ulisikia harufu gani, hata kama ni dawa ya vidonda tena. Nataka hasa kujua hizo tatu za mwanzo zilikuwa zipi.