Mafuta ya nazi, siki na kitana: yaliyonikuta na chawa wa mwanangu

Chawa wa kwanza nilimwona nikimsuka binti yangu. Alitokea nyuma ya sikio, akakatiza mstari niliouchana kama mtu aliyechelewa mahali, akazama upande wa pili. Nikapiga ukelele. Binti naye akapiga wake, ingawa hakujua kuna nini.

Kufikia usiku nilikuwa na ushauri wa kutosha kufungulia duka la dawa. Mama alisema mafuta ya taa. Dada alisema siki. Rafiki alinitumia ujumbe mrefu wa sauti kuhusu mayonezi. Jirani akaapa kwa mafuta ya nazi: mpake mengi, mfunge kitambaa, alale nayo, asubuhi wote wamekufa. Sikutaka kemikali kwenye kichwa cha mtoto, kwa hiyo nikaanza na la jirani.

Asubuhi nikachana, na kweli walitoka, kimya, hawatikisiki. Nikamweka mmoja kwenye karatasi nyeupe nije kumwonyesha baba yake. Nikaenda kumtafutia mtoto sare, nikarudi. Maiti yangu ilikuwa inachezesha miguu. Muda si mrefu ikaanza safari ya kuelekea ukingoni mwa karatasi.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Chawa hupumua kupitia vitundu vidogo vilivyo ubavuni, na anaweza kuvifunga akakaa saa kadhaa bila hewa. Mafuta humlegeza, lakini kumlegeza si kumuua. Na hata ukiwaua wakubwa wote, mayai yako palepale, yamegandishwa kwenye unywele karibu kabisa na ngozi. Jike mmoja hutaga hadi mayai 8 kwa siku, na yai huanguliwa baada ya wiki moja hivi, siku kumi likichelewa. Ndiyo maana watu wengi husema dawa fulani ya asili iliwasaidia, kisha wiki mbili baadaye wanasema mtoto ameambukizwa tena shuleni. Mara nyingi hajaambukizwa tena. Hawakuisha.

Siki nilijaribu mara moja tu. Ngozi ilikuwa imechubuka kwa kujikuna, mtoto akalia hadi nikaona aibu. Wanasema siki huyeyusha ile gundi ya mayai. Nililoweka, nikangoja, nikavuta yai moja kwa kucha: lilikuwa limeng'ang'ania vilevile. (Kinachoteleza kwa urahisi ukikigusa ni mba, usihangaike nacho.)

Mafuta ya mti wa chai (yale yanayoitwa "tea tree", si ya majani ya chai tunayokunywa) yana nafuu kidogo kwenye hoja, kwa sababu yapo majaribio madogo yaliyoonyesha yanaua chawa. Ila yanaweza kuwasha ngozi, na mtoto akiyameza ni sumu. Niliyaacha. Halafu hili neno "asili" lenyewe linatuchanganya. Ua la pareto ni la asili kabisa, na ndilo lililotupa mojawapo ya dawa kongwe za chawa; permethrini inayouzwa leo iliigwa kutoka humo kiwandani. Na katika nchi nyingi chawa wameshaizoea.

Kuhusu mafuta ya taa sina mjadala. Mama, unisamehe. Yanachoma ngozi, yanashika moto, na mtoto akimeza kidogo yakaingia mapafuni ni hatari kubwa. Dawa ya kunyunyizia mende ni hivyohivyo. Na usimfunge mtoto mfuko wa plastiki kichwani akalala nao, hata kama aliyekushauri ni nani.

Kilichotumaliza kazi ni kitana, kile chenye meno ya chuma yaliyobanana. Methali ya kidole kimoja hakivunji chawa nimeisema tangu utotoni bila kuifikiria. Safari hii niliona maana yake, kwa sababu kazi ilitaka watu wawili. Mimi nilichana, baba yake akashika tochi na kipande cha karatasi laini. Nywele ziwe zimeoshwa, zimelowa, zimejaa kondishena ili chawa wasikimbie na kitana kiteleze. Kama zimesukwa, fumua zote. Gawa mafungu madogo, bana yaliyobaki, anzia kwenye ngozi, teremka hadi ncha, futa kitana, angalia umepata nini. Rudia fungu lilelile kutoka pande zote. Siku ya kwanza tulitumia karibu saa nzima, tukatoa wakubwa kumi na wanne.

Tukarudia kila baada ya siku tatu au nne, kwa wiki mbili. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na hapo ndipo penye siri: aliyeanguliwa leo anahitaji zaidi ya wiki kabla hajaanza kutaga, kwa hiyo ukimnasa akiwa mdogo umekata ukoo. Siku ya nane nilipata watatu, wadogo kama nukta ya kalamu. Baada ya hapo, hakuna. Kondishena iliniishia mara moja nikatumia mafuta ya nazi, yakafaa vizuri tu. Yanafaa kumsaidia mwenye kitana.

Kunyoa upara nako kunafanya kazi, na hakuna cha asili kuliko hicho. Kaka yake alinyolewa, tukamalizana kwa dakika kumi. Binti alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, nikarudi kwenye kitana.

Ukizidiwa, muulize mfamasia kuhusu dimethikoni. Humfunika chawa badala ya kumtilia sumu, na hurudiwa baada ya wiki. Mtoto akiwa hajafika miaka miwili, au kichwa kina vidonda vyenye usaha, nenda kwa daktari kwanza.

Nyumba usiihangaikie sana. Mimi nilifua hadi mapazia, kazi ya bure: chawa akitoka kichwani hufa ndani ya siku mbili hivi, naye haruki wala hapai, hutambaa tu kichwa kikigusana na kichwa. Maji ya moto kwa foronya, taulo na vilemba yanatosha.

Chunguza vichwa vyote siku hiyohiyo. Mimi nilichunguza cha kila mtu, nikasahau changu. Siku ya nne nikaanza kujikuna. Binti alikichukua kitana bila kuniuliza, akanikalisha chini, akaniinamisha. "Mama, tulia. Bado upande wa kulia."