Uliza Tukujibu: Vitabu vinavyonuka uvundo

SWALI: Mhariri, wanangu wananihimiza nihamie kwenye kishikwambi, lakini mimi bila karatasi mkononi sisomi. Tatizo ni kwamba vitabu vyangu vinanuka uvundo na majalada yana vumbi la kijivu. Nifanyeje? (Msomaji, Entebbe)

JIBU: Hilo si vumbi, ni kuvu. Karibu na Ziwa Viktoria hewa ina unyevu mwingi, na ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu kuvu huota, hasa kwenye majalada ya kitambaa na penye gundi. Usifute kwa kitambaa kibichi, utaizamisha ndani ya karatasi. Vaa barakoa, simamisha kitabu nje, kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimeachana, hadi kuvu ikauke iwe unga. Ndipo uipanguse kwa brashi laini, kutoka mgongoni kwenda ukingoni. Jua kali hukausha haraka, kweli, ila hupinda jalada na kuzidisha umanjano, hasa kwenye karatasi ya bei nafuu.

Kisha kagua kabati. Mara nyingi kosa liko hapo. Lisibanwe kwenye ukuta wa nje: livute sentimita 5 hadi 10, na usilishindilie vitabu.

Ukiona vitundu na unga laini, hao ni wadudu. Funga kitabu kikavu kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, kiweke kwenye friza wiki 2. Kikitoka, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo umande utatua kwenye kurasa na kuvu itarudi.