Mzee wa Mshipi Anajibu: Panzi wa Sponji

SWALI: Shikamoo Mzee. Kaka yangu anafanya kazi Nanyuki, Kenya. Kaniletea kikebe cha wadudu bandia: panzi wa sponji mwenye miguu ya mpira, sisimizi waliosokotwa kwa uzi mweusi, na mmoja kama mbawakavu. Anasema huko wanavulia trauti. Nimemfunga panzi kwenye mshipi wangu wa nailoni, nikarusha ufukweni Kibirizi, Ziwa Tanganyika, asubuhi nzima. Haendi mbali, ananirudia usoni, na hakuna samaki aliyemgusa. Nikimwekea chubwi anazama. Nakosea wapi?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Chubwi toa. Panzi huyo kazi yake ni kuelea, wewe unamzamisha!

Trauti nao humpati Kibirizi hata ukeshe mwaka mzima. Ni samaki wa maji ya baridi. Yakipita nyuzi 20 anaanza kutaabika, na ziwa letu kwa juu huwa nyuzi 25 na kuendelea. Kenya kwenyewe aliletwa na Waingereza, mwaka 1905, akapandwa kwenye mito ya milima ya Aberdare. Mmoja wa mito hiyo ni Gura, na kando yake nimebeba mikoba ya wageni waliokuja kuvua trauti miaka mitatu, ujana wangu.

Nilichokiona huko ni hiki. Wale hawarushi mdudu, maana hana uzito wowote. Wanarusha mshipi wenyewe, mnene, wa kazi hiyo tu: unapigwa nyuma, unangojewa unyooke, ndipo unasukumwa mbele. Mdudu yuko mwishoni kwenye uzi mwembamba, anafuata tu. Nailoni yako haina mwili wa kumbeba. (Siku yangu ya kwanza kujaribu, ndoana iliingia kwenye kofia ya mgeni. Bahati ilikuwa kofia.)

Jingine ni mahali. Panzi si mdudu wa maji, huanguka kwa bahati mbaya. Saa nane mchana, jua kali, nyasi zimekauka, upepo unavuma kutoka ukingoni: hapo ndipo trauti husogea hadi hatua moja tu kutoka kwenye majani, akingoja. Panzi alitua kwa kishindo, pwaa, na kishindo hicho ndicho kilichomwita samaki. Kisha mgeni alimwacha achukuliwe na mkondo, akitikisa kidogo tu ile miguu ya mpira. Mshipi ukimburuta mdudu, trauti alikuja, akatazama, akageuka. Sisimizi yeye haangushwi kwa kishindo. Alilala nusu ndani ya maji, hata kumwona ilikuwa taabu.

Sasa Kibirizi, katikati ya mitumbwi na dagaa walioanikwa, panzi gani ataanguka majini?

Ngoja mvua za kwanza, kumbikumbi watoke. Nenda Mto Luiche, kusini ya Ujiji, penye matawi yaliyoinamia maji. Utotoni tulitumia ufito, uzi kiasi cha urefu wa ufito wenyewe, ndoana ndogo bila chubwi, na kumbikumbi mmoja hai. Hakuna kurusha, unamshusha tu. Utaona midomo midogo ikifyonza kwa chini, mwili umekwenda, mbawa nne zimebaki zinaelea. Sisimizi wako mmoja ukimshusha katikati ya karamu hiyo ataliwa, nakuhakikishia. Panzi ni mkubwa mno kwa midomo hiyo.

Usivute kwa pupa. Acha samaki afunge mdomo na kuelekea chini, ndipo uinue ufito.

Usiige pia ile tabia ya wageni ya kuingia mtoni hadi mapajani. Gura ni baridi tu. Mito yetu ina mamba. Simama nchi kavu, hatua kadhaa nyuma.

Ukienda kununua ndoana, kumbuka namba zinakwenda kinyume: 16 ni ndogo kuliko 10. Kwa kumbikumbi chukua 12 au 14. Muuzaji akibisha, mwambie akuwekee zote mbili kiganjani.