Anti, "kuunga" maharage ndo kufanyaje?

SWALI: Anti shikamoo. Mi ni kijana wa Tanga nimepata kazi Arusha, nimepanga chumba huku Sakina, nimechoka kula kwa mama ntilie kila siku nikaamua nipike mwenyewe. Nikampigia mama simu anielekeze wali na maharage ya nazi, akasema tu "unga na kitunguu na nyanya, tia tui jepesi, mwisho tui zito, wali ukikauka palia." Nikatia vyote kwenye sufuria moja, maharage mabichi, nyanya, kitunguu, nazi, nikawasha gesi. Masaa matatu maharage bado magumu, tui limekatika, wali chini umeungua juu una kiini. Haya maneno yana maana gani? Na mbona kwetu maharage yanaiva haraka?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usivunjike moyo, mama yako kapika miaka mingi, kwake neno moja lina kazi nyingi ndani yake na hakumbuki kwamba wewe hujawahi kuziona.

Kuunga ni kazi ya mwisho, chakula kinakuwa kimeshaiva tayari. Maharage unayaloweka usiku, asubuhi unamwaga yale maji, unaweka mengine unachemsha peke yake mpaka ukiliminya moja kwa vidole linapondeka lote bila kiini. Hapo ndo unabandika sufuria nyingine, mafuta, kitunguu, na usikimbilie nyanya, subiri kitunguu kilainike kianze kupata rangi, afu nyanya, koroga mpaka ziwe rojo na uone mafuta yanajitenga pembeni. Sasa mimina maharage yako na supu yake kidogo, yachemke pamoja dakika kama kumi yashike ladha. Umeunga. Nyanya ina uchachu, ukiitia maharage yakiwa mabichi yanachelewa sana kulainika, kwa hiyo hilo ndo lilikutesa zaidi ya yote.

La pili ni huo mji uliohamia. Tanga mko usawa wa bahari, maji yanachemka nyuzi 100, Arusha tuko kama mita 1,400 juu, huku maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na ukiongeza moto hayapandi zaidi ya hapo, yanakauka tu. Ndo maana maharage huku yanataka muda, na wengi wanatumia presha kuka, au wanatia magadi kidogo, ila magadi yakizidi yanaharibu ladha, ncha ya kijiko inatosha.

Tui: kuna nazi Kilombero sokoni, ukishaikuna tia maji ya uvuguvugu kidogo sana, kamua, hilo la kwanza ndo zito, weka pembeni. Rudishia maji mengi kidogo kwenye machicha yaleyale, kamua tena, hilo jepesi. Jepesi linaingia mapema na linavumilia moto, zito linaingia mwisho kabisa, moto mdogo, usifunike, na mkono usitoke kwenye mwiko, unakoroga polepole upande mmoja mpaka lianze kufukuta pembeni basi unaipua. Ukiliacha litokote kwa nguvu linakatika, mafuta juu maji chini, kama lilivyokufanyia.

Kupalia ni neno la jiko la mkaa. Maji ya wali yakikauka unapunguza makaa ya chini, unafunika, unaweka makaa juu ya mfuniko ili wali umalizikie kwa joto la juu na mvuke wake wenyewe. Kwenye gesi huwezi kuweka makaa, basi shusha moto mpaka mwisho, na huku migomba imejaa, omba jani kwa jirani, lipitishe kwenye moto lilainike, lilaze juu ya wali ndani ya sufuria kisha funika lizuie mvuke usitoke, dakika 15 usifunue. Mi nyumbani Moshi ndo nafanya hivyohivyo na wali unatoka na harufu ya jani, mzuri mno.

Jumamosi hii anza na maharage tu, bila nazi. Yakikubali, wiki ijayo ndo utie tui, na umpigie mama umwambie.