Ulizeni Ngapi Zinaruka

Mhariri, mmetuuliza: "Je, ndege ya kivita ya dola milioni 80 bado inastahili bei yake, wakati droni ya dola elfu chache inaweza kuteketeza ghala la silaha?" Jibu ninalo, ila kabla ya kulitoa nataka tuvutane kidogo kuhusu hiyo milioni 80.

Hiyo ni bei ya F-35A, ndege ya kivita ya Marekani iliyoundwa isionekane vizuri kwa rada, ikitoka kiwandani: umbo lake, injini na vyombo vyake vya elektroniki. Makombora hayamo. Vipuri, karakana, mafunzo ya marubani na mafundi havimo. Poland ilipotia saini mwaka 2020 kununua F-35A 32, mkataba ulikuwa wa dola bilioni 4.6, yaani karibu milioni 144 kwa kila ndege. India ilikubaliana na Ufaransa mwaka 2016 kununua Rafale 36 kwa takriban yuro bilioni 7.8. Gawanya, utapata zaidi ya yuro milioni 215 kwa moja, na wapo wanaoitaja namba hiyo kana kwamba ndiyo bei ya ndege. Siyo. Ndani ya fungu lile kuna silaha, vipuri, mafunzo na marekebisho ambayo India iliyataka yenyewe. Kwa hiyo mmoja akisema milioni 80 na mwenzake akisema zaidi ya mia mbili, huenda hawapingani hata kidogo. Kila mtu ameshika stakabadhi yake. Wanunuzi wenyewe hujikwaa papo hapo. Serikali ya Uswisi iliwahakikishia wananchi kwamba imepata F-35A 36 kwa bei isiyobadilika, lakini mwaka 2025 Marekani ikadai nyongeza ya mamia ya mamilioni ya dola.

Juu ya hayo kuna deni la utafiti, ambalo lazima ligawanywe kwa ndege zitakazotengenezwa. F-22, ndege nyingine ya kivita ya Marekani, ndiyo mfano mchungu. Mipango ya mwanzo ilizungumzia ndege 750. Bei ilipopanda, idadi ikapunguzwa, idadi ilipopungua, gharama ya utafiti ikaangukia ndege chache zaidi na bei ikapanda tena, wakapunguza tena. Mwishowe zikaingia jeshini 187 tu. Ukijumlisha na utafiti, kila moja iliwagharimu Wamarekani zaidi ya dola milioni 300. Chombo cha kwanza kutunguliwa angani na F-22 kilikuwa puto la China, Februari 2023. Watu walicheka, nami nilicheka, ingawa sioni kama puto lile linathibitisha lolote: ndege ambayo hakuna anayethubutu kuruka kuikabili haiwezi kuwa na orodha ndefu ya ushindi.

Sasa niseme ninachotaka kusema. Hesabu ya ndege za kivita haifai kufanywa kwa ndege iliyonunuliwa. Ifanywe kwa ndege iliyo tayari kupaa asubuhi ya vita, ikiwa na kombora chini ya bawa na rubani aliyeiva kwa mazoezi. Ukibadilisha kipimo hicho, nusu ya ubishi wetu unabadilika sura.

GAO, ofisi ya ukaguzi inayolifanyia kazi Bunge la Marekani, iliripoti kwamba kufikia Machi 2023 ni takriban asilimia 55 tu ya F-35 za Marekani zilizokuwa tayari kwa kazi. Chukua ile milioni 80, igawe kwa 0.55: bei ya ndege moja iliyo tayari inakuwa karibu milioni 145, na bado hatujanunua risasi hata moja. Zile nyingine ni sawa na gari lililopandishwa juu ya mawe. Kilichozikwamisha hakikuwa adui wala umbo lao lisiloonekana vizuri kwa rada. Vipuri zaidi ya 10,000 vilikuwa vinasubiri foleni ya matengenezo, karakana za kijeshi zilichelewa kujengwa, na jeshi lenyewe halikuwa na michoro na taarifa za kiufundi za kutosha kujitengenezea ndege zake. Fundi wa jeshi amesimama mbele ya ndege ya taifa lake, lakini ujuzi wa kuifungua uko kwa kampuni. Ukitaka kujua fedha zinaishia wapi, anzia hapo.

Ripoti ya ofisi hiyo hiyo ya Aprili 2024 inakadiria kwamba kuzitunza F-35 hadi mwaka 2088 kutagharimu dola trilioni 1.58. Mwaka 2018 makadirio yalikuwa trilioni 1.1. Jambo lililonishtua katika ripoti ile, kuliko trilioni zenyewe, ni kwamba gharama imepanda huku jeshi likipanga kuzirusha ndege hizo kwa saa chache kuliko lilivyokusudia mwanzo.

Saa za kuruka ndizo zinazomfanya rubani awe rubani. Vietnam ilitoa somo hili kwa damu. Wamarekani waliingia na F-4 Phantom, ndege ghali, yenye injini mbili na rada kubwa, na matoleo yake ya kwanza hayakuwa na mzinga kabisa kwa kuwa wataalamu waliamini makombora yangemaliza kazi kabla adui hajakaribia. Kombora la Sparrow lililoongozwa na rada likawa linapata shabaha takriban mara moja katika kumi. Jeshi la majini lilikuwa likitungua ndege mbili na ushee kwa kila moja iliyopoteza, uwiano wa aibu dhidi ya nchi yenye ndege chache za Kisovieti aina ya MiG. Mwaka 1969 likaanzisha shule ya mapigano ya angani huko Miramar, California. Mapigano yaliporejea mwaka 1972, uwiano wake ukaruka hadi takriban kumi na mbili kwa moja. Ndege ilikuwa ile ile Phantom. Jeshi la anga, ambalo halikuwa na shule ya namna hiyo wakati huo, lilibaki karibu na pale pale lilipokuwa.

Kwa hiyo ndege kama F-35, ambayo saa yake moja angani inagharimu zaidi ya dola 30,000, inakula mara mbili: inakula bajeti, kisha inakula mazoezi ya yule atakayeipeleka vitani. Gharama na uwezo wa kupigana, ambavyo swali lenu limevitenganisha kama pande mbili za mizani, kumbe vimeshikana.

Nikiruka kwenye swali la nani humshinda nani, nitapita haraka, maana hapa ndipo mashabiki hupenda kukesha. Mwaka 2015 ilivuja ripoti ya rubani wa majaribio aliyeipambanisha F-35 na F-16 ya zamani, akaikuta F-35 nzito katika kukata kona. Dunia nzima ikaizika siku hiyo. Lakini mapambano ya leo mara nyingi huamuliwa kabla marubani hawajaonana. Mei 7, 2025, India na Pakistan zilirushiana makombora kutoka mbali, kila upande ukiwa ndani ya anga lake. Pakistan ilisema J-10C zake zilizotengenezwa China, zikiwa na makombora ya PL-15, ziliziangusha ndege kadhaa za India zikiwemo Rafale. India, mwishoni mwa mwezi, ilikiri kupoteza ndege bila kutaja idadi. Tukio hilo limeuzwa sokoni kama ushindi wa ndege ya bei nafuu dhidi ya ndege ya bei ghali. Mimi naliona kama pambano la mitandao: nani alikuwa na ndege ya rada nyuma yake, nani alimtumia mwenzake picha ya anga mapema, kombora la nani lilifika mbali. Bei ya ile ndege iliyolibeba kombora ilikuwa jambo la tatu au la nne.

Na teknolojia peke yake haitoshi. Ethiopia na Eritrea zilipigana mwaka 1999 kwa ndege zilizokuwa miongoni mwa bora za Kisovieti, Su-27 upande mmoja na MiG-29 upande wa pili, zilizonunuliwa haraka vita vilipopamba moto. Su-27 ziliibuka na ushindi, lakini inaripotiwa kwamba makombora mengi ya masafa ya kati yalipita bila kugusa kitu.

Je, kuna mahali ambapo ile ndege ghali inarudisha fedha zake? Ndiyo, na nadhani wapinzani wake hawapatendei haki. Ni usiku wa kwanza, juu ya nchi yenye mitambo hai ya kutungulia ndege. Linganisheni vita viwili. Urusi ilianza vita na Ukraine Februari 2022 ikiwa na ndege nyingi mno kuliko jirani yake, lakini haikufaulu kuzima mitambo ya Ukraine, na hadi sasa ndege zake hurusha mabomu yenye mabawa kutoka umbali mkubwa badala ya kuzurura juu ya miji. Israel kwa upande wake iliipiga mitambo ya S-300 ya Iran Oktoba 2024, kisha Juni 2025 ndege zake zikafanya kazi juu ya Iran kwa siku kumi na mbili bila kuthibitika kwamba ilipoteza hata moja yenye rubani. F-35 hazikuwa peke yake. Kulikuwa na F-15, F-16, droni, na majasusi walioandaa njia ardhini. Lakini mtu anayeniambia kwamba ndege isiyoonekana vizuri kwa rada ni upuuzi mtupu, ana kazi ya kunieleza tofauti hiyo.

Wala haimaanishi kwamba haionekani kabisa. Machi 27, 1999, kikosi cha Serbia kikitumia mtambo wa S-125, uliobuniwa zamani za Kisovieti, kiliitungua F-117, ndege ya Marekani iliyoundwa kukwepa rada, karibu na kijiji cha Buđanovci. Ndege ilipita njia iliyozoeleka, na waendesha mtambo walikuwa wajanja, wakiwasha rada kwa sekunde chache na kuhamahama. Hapo pia ni mafunzo.

Nimefika kwenye droni. Juni 1, 2025, Ukraine ilitumia droni ndogo 117, zilizofichwa kwenye malori, kuchoma ndege kubwa za Urusi zikiwa zimeegeshwa chini. Kwangu hiyo haisemi kwamba ndege zimepitwa na wakati. Inasema kwamba ndege ghali iliyoegeshwa wazi ni kitu cha kijinga, na kwamba paa la zege ni la bei rahisi kuliko ndege. Wasweden waliliwaza hili zamani walipoitengeneza Gripen iweze kutua kwenye barabara ya kawaida, ijazwe mafuta na makombora kwa dakika kama kumi na fundi mmoja anayesaidiwa na askari vijana, kisha ipae tena kabla adui hajajua iko wapi.

Droni imeiaibisha ndege ya kivita mahali pengine: kwenye bei ya risasi. Kumtumia kombora la karibu dola milioni moja mdudu wa dola 20,000 au 50,000 ni kufilisika polepole. Wamarekani walikutana na tatizo hilo kwenye Bahari ya Shamu dhidi ya Wahouthi wa Yemen, na jibu lao likawa la kawaida sana: F-16 zikafungwa roketi ndogo zenye kuongozwa kwa leza, za chini ya dola 40,000 moja. Ndege ya miaka ya 1970, roketi nyepesi, hesabu ikakaa sawa. Katika kampeni hiyo hiyo walipoteza ndege ya kivita ya F/A-18 moja iliyotunguliwa na manowari yao wenyewe Desemba 2024, na nyingine mbili zikatumbukia baharini kutoka kwenye manowari ya kubeba ndege Aprili na Mei 2025. Wahouthi hawakuipiga hata moja kati ya hizo tatu.

Basi jibu langu. Kwa nchi chache zinazotarajia kweli kuingia anga lenye ulinzi mkali, kikosi kidogo cha ndege za aina ya F-35 kinastahili bei yake, mradi wanunue pia vipuri, saa za mazoezi na maficho ya zege. Wasipoweza kununua hivyo, wapunguze idadi ya ndege. Kwa kazi ya kila siku ya kulinda mipaka na kufukuza droni, ndege hiyo ni matumizi mabaya ya fedha, na ndege ya kizazi cha nyuma yenye rada nzuri inatosha. Na kwa nchi inayonunua ili ndege zipite juu ya jukwaa la rais mara moja kwa mwaka, bei yoyote ni ghali. Afrika Kusini ilinunua Gripen 26, ndege iliyosifika kwa gharama nafuu, na bado ilifika mwaka 2021 zikakaa chini kwa karibu mwaka mzima kwa kukosa mkataba wa matengenezo.

Sasa Marekani inajenga droni za kuruka bega kwa bega na ndege zenye rubani, na viongozi wa jeshi la anga walizungumzia bei ya robo hadi theluthi ya F-35. Sina haraka ya kuamini. F-35 nayo iliahidiwa kuwa nafuu, kwa hoja kwamba matoleo yake matatu yangetumia sehemu zile zile kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2016 mkuu wa mradi alisema zinazofanana ni asilimia 20 hadi 25. Nitangoja ripoti ya ukaguzi itakayosema ngapi kati ya hizo droni ziko tayari kuruka, na nani ana ruhusa ya kuzifungua zikiharibika.